Kamba Nyeupe ya Wifi

Kazi yangu ni kusuka mijeledi ya pikipiki. Si ya kuchapia, ingawa wapo watu wachache ambao ningewapa ya kwao bure na kuwaonyesha inavyotumika. Ni mapambo. Mmoja unaning'inia kwenye mkono wa klachi, mwingine kwenye mkono wa breki, ina vishada mwishoni, na pikipiki ikikimbia inapepea kama mkia wa farasi mwenye majivuno. Haina faida yoyote. Pikipiki haiendi kwa sababu yake wala haisimami kwa kuikosa. Mtu akiisahau nyumbani anafika alikokuwa anakwenda salama kabisa. Ukitazama vizuri, hata mimi kwenye ndoa yangu nilikuwa hivyo hivyo.

Shule niliiona kwa nje, nikiwa nimebeba ndoo. Kusoma nilijifunzia ukubwani, kwenye namba za pikipiki na maandishi ya makopo ya oili, kwa sababu niliishi gereji. Fundi, ambaye alikuwa mume wangu, alifungua injini, na mimi nikaosha spea, nikafagia, nikawapa wateja viti na maneno ya kuwasubirisha. Mikono ikikosa kazi nilisuka vipande vya kamba za kufungia mizigo. Siku moja mteja akaona msuko wangu umening'inia ukutani, akaufunga kwenye mpini wa pikipiki yake, akaondoka nao. Wiki iliyofuata walikuja wenzake wakiutaka. Fundi akacheka sana. Alisema nimewavalisha wanaume hereni. Lakini meza ya kusukia alinitengenezea mwenyewe, na alipoona watu wanakuja kwa ajili ya mijeledi na wanabadilisha oili hapo hapo, akaacha kucheka.

Halafu shangazi yangu akaugua, nikaenda kumuuguza. Niliporudi, mlango wa gereji ulikuwa na kufuli jipya, na dirishani kulikuwa na pazia. Pazia, gereji! Miaka yote niliomba kitambaa cha kuzuia vumbi tu, nikaambiwa hapa si chumba cha bibi harusi. Kumbe kilikuwa chumba cha bibi harusi, ila bibi harusi hakuwa amefika. Ndani nilimkuta Bi Mdogo amekaa kwenye meza yangu, anakunywa soda kwa mrija.

Kikaitishwa kikao. Mzee wa Kikao alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, akasema vifaa vyote ni vya Fundi, kwa hiyo na gereji ni ya Fundi. Mwenye Nyumba akasema yeye anamjua aliyeweka sahihi tu. Mama Mkwe akasema mwanawe alikuwa amekonda. Na Wifi, dada yake Fundi, niliyeshirikiana naye kila kitu mpaka kitana, alikaa kwenye kona ya mkeka na hakufungua mdomo. Hata kukohoa hakukohoa. Wale wengine niliwachukia kwa utaratibu, kama mtu anayekula chakula chake. Wifi nilimchukia kwa njaa.

Sasa ninakaa chumba cha mbele, mlango unatazama barabara. Nina meza, msumari mrefu uliopigwa pembeni yake, na beseni la kulowekea. Kamba ninayotumia ni ile ya parashuti, ganda la nailoni na nyuzi ndani kama utumbo. Unavuta utumbo wote, unabaki na ganda linalolala vizuri. Unalitia kwenye maji ya moto kwanza lisinyae lote, la sivyo litasinyaa lenyewe siku ya mvua, mteja akiwa barabarani, na mjeledi utapinda kama mguu wa kuku. Halafu unapitisha kamba zako sita kwenye kifungo cha kuachia, kile ambacho ukivuta kwa nguvu kinafunguka ili mtu asinaswe. Unakitundika kwenye msumari, na unasuka.

Hapo kwenye kusuka ndipo nilipokuwa na siri yangu. Kamba sita, kila moja ina njia yake, na hesabu mimi zinanitoroka. Nikisema moja, mbili, tatu, nikifika nne nimeshaanza kufikiria kitu kingine. Kwa hiyo nilizipa kamba majina ya watu. Majina ya watu ninaowakumbuka vizuri zaidi, bila kujitahidi, hata nikiwa usingizini. Mnajua ni akina nani.

Nilikuwa nasema hivi, chini kwa chini, mkono ukifuata mdomo: "Fundi anatoka nyuma, anaruka juu ya mkewe mpya, anajificha chini ya mama yake. Bi Mdogo anavuka, anakaa palipo na joto. Mama Mkwe anapita juu ya wote. Mwenye Nyumba anakuja na kufuli, anapita chini. Mzee wa Kikao anapita katikati, haoni kitu. Wifi anapita chini ya kaka yake, kimya, anarudi kwao." Kisha tena. Mjeledi mmoja ni talaka yangu nzima kuanzia kwenye kifungo hadi kwenye kishada, zaidi ya mara mia. Wateja waliniona midomo inachezacheza wakanisifu kwa ucha Mungu. Mmoja alivua kofia ya pikipiki akasimama kimya mlangoni, akidhani nasali. Nilimwacha asimame.

Basi akaja Ekzosi. Huyu ni mwenyekiti wa chama cha waendesha pikipiki za safari ndefu, na jina hilo alipewa kwa sababu ya sauti yake. Akikusalimia asubuhi, vyombo vinaitikia. Aliingia, akachagua mjeledi mmoja wa mfano, akauzungusha.

"Mama Mijeledi, nataka hivi. Nyeusi na ya machungwa, rangi za chama, na kamba moja nyeupe ndani. Chama kizima."

"Chama kizima ni pikipiki ngapi, mwanangu?"

"Ishirini. Kila moja miwili. Safari yetu ya mwaka ni Jumamosi ya wiki ijayo. Na yote ifanane, mama. Tukipanga mstari sitaki mmoja awe kama kaja kwenye msiba."

"Itafanana," nikasema, kwa ule upumbavu unaonijia nikiitwa mama.

Akafika mlangoni, akageuka. "Nakuuliza mapema tu. Pale gerejini yule dada naye anasuka. Anasema anaweza kunipa yote kwa wakati. Mimi nimekuja kwako kwanza."

Yule dada. Kwenye meza yangu, anaiga msuko wangu, mijeledi inayofumuka kabla haijavuka daraja. Nilimwambia Ekzosi aende kwa amani, na alipoondoka nikakaa chini nikajitazama mikono. Mikono miwili, na mmoja unauma baridi ikija. Nikikosa kazi hii, chama kizima kitahamia gerejini, na kikihamia chama, wote watahamia, kwa maana waendesha pikipiki ni kama mbuzi, akiruka mmoja wameruka wote. Na mimi nitabaki na beseni.

Nilihitaji vidole vingine. Niliwapitisha kichwani watu wote ninaowajua, na kila nilipopita nilikuta mtu mmoja amekaa mwishoni, kwenye kona ya mkeka. Wifi ni msusi wa nywele. Anasuka kichwa kizima huku anagombana na mwenye kichwa na huku anatazama nani anapita barabarani. Hakuna vidole kama vile mtaani.

Nilikwenda kwake nikijifanya nataka kusukwa. Nilimkuta amebana kichwa cha mteja katikati ya magoti. Aliniangalia juu ya kile kichwa kwa muda.

"Umekuja kusuka nini, wifi?" akasema. "Nywele zenyewe zimebaki za kuombewa dua."

"Wifi yako nani? Mimi na nyie tumeshaachana."

"Kaka yangu ndiye aliyekuacha. Mimi sikuandika talaka kwa mtu."

Mteja akacheka. Wifi akamvuta nywele, akanyamaza. Nikaona hakuna njia ya mzunguko, nikasema: "Nina kazi kubwa. Bi Mdogo anaitaka. Nahitaji mtu wa kunisaidia kusuka."

Aliposikia Bi Mdogo anaitaka, hakuuliza la pili. Akasema, "Nikimaliza kichwa hiki nakuja."

Njiani nilijipongeza kwa akili zangu, mpaka nilipofika nyumbani nikajiuliza nitamfundishaje. Ule msuko niliujua kwa njia moja tu. Nikaamua kubadilisha majina haraka kabla hajafika. Nikachagua mboga: nyanya, kitunguu, bamia, karoti, biringanya, pilipili. Nikatundika kifungo kwenye msumari nikaanza. "Nyanya inatoka nyuma, inapita juu ya kitunguu..." Baada ya muda mfupi nilikuwa na fundo kubwa kama ngumi. Bamia na karoti hawana ugomvi wowote. Mtu atakumbukaje nani amempitia nani juu? Nilijaribu tena nikapata fundo la pili, zuri kidogo kuliko la kwanza. Wifi akaingia akanikuta nimeshika yote mawili.

"Ndiyo mijeledi yenyewe?"

"Kaa hapo," nikamwambia. "Nitakuonyesha. Usiangalie mdomo wangu, angalia mkono."

Lakini mkono bila mdomo haukwenda. Nikanong'ona. Wifi akasogeza sikio, msusi huyu, mtu aliyezoea kusikia siri za watu juu ya vichwa vyao. Nilifika kwa Mama Mkwe kabla hajanishika mkono.

"Rudia."

"Nini?"

"Hao uliokuwa unawataja. Rudia kwa sauti."

Ningefanyaje? Jumamosi ilikuwa inakuja. Nilirudia kwa sauti, macho kwenye msumari, yote, Fundi na Bi Mdogo na Mama Mkwe anayepita juu ya wote. Nilipofika mwisho sauti ilinipungua, lakini nikasema: "Wifi anapita chini ya kaka yake, kimya, anarudi kwao."

Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki, anapiga teke, haiwaki, anapiga tena.

"Kwa hiyo mimi ni ipi?" Wifi akauliza.

"Nyeupe."

"Nyeupe." Aliishika ile kamba kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota nywele kwenye sahani. "Na hao watu wote wenye hiyo mijeledi wanatembea na mimi nimepita chini?"

"Hawajui."

"Mungu anajua. Na mama amepita juu ya wote?"

"Kwani uongo?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Hapo umepatia." Na akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kishada cha mteja. Nilidhani mambo yameisha. Nilimpa mafungu ya kamba, nyingine zimeshalowekwa na kukauka, nikampa kiberiti cha gesi cha kuchomea ncha, akaenda navyo saluni kwake ili asuke kati ya kichwa na kichwa. Aliukariri ule msuko kwa mara moja. Sikushangaa. Ni familia yake.

Wiki ile nilifanya kazi kama punda aliyeahidiwa kitu. Nilisuka yangu, nikaipanga mezani, nyeusi na ya machungwa, na ile nyeupe ikichungulia hapa na pale kama nukta, kama jino la mtu asiyetaka kucheka. Nilijisifu. Nilifikia hatua ya kusimama mlangoni ili watu wanaopita waulize, na walipokosa kuuliza nikawaambia wenyewe.

Alhamisi Wifi akaja na mfuko, akaumwaga mezani. Yake ilikuwa mingi kuliko yangu, imekazwa vizuri, kila kishada kimechanwa kikawa laini. Lakini kamba nyeupe haikuchungulia. Ilizunguka mjeledi mzima kutoka juu hadi chini, wazi, kama ukanda kwenye kiuno. Niliuchukua mmoja nikaugeuza, nikachukua mwingine.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimesuka."

"Hapa umepita juu! Ulitakiwa kupita chini ya kaka yako!"

"Sikupita chini ya kaka yangu," akasema, na akakunja mikono. "Nilisuka mmoja ulivyosema wewe, ukanikera roho, nikaufumua. Siwezi kukaa kutwa nzima nasema uongo juu ya nafsi yangu. Nilipita juu. Basi nimesuka nilivyopita."

"Lini ulipita juu? Kikaoni ulikaa kama gunia!"

"Kikaoni nilikaa kwa sababu nilishasema yangu gerejini, siku moja kabla, na mama akaniapiza nikifungua mdomo mbele ya wazee nisionekane msibani kwake. Wewe ulikuwa wapi? Uliuliza? Ulitoka pale umeinua pua, ukanipita kama mlingoti."

"Wifi, hii ni kazi ya watu! Ugomvi wako na mama yako ungeuweka nyumbani!"

"Na wako uliuweka wapi? Umeusuka kwenye pikipiki za nusu ya mji!"

Niliinua sauti zaidi. Nilimwita mwongo, yeye akaniita bi kizee wa kinyongo, na hilo la kinyongo halikuniuma, ila hilo la kizee, maana amenizidi umri. Tulikuwa tumeshika mjeledi mmoja, kila mtu upande wake, tunavutana, kile kifungo cha kuachia kikafanya kazi yake kikaachia, na mimi nikaanguka kitako kwenye beseni. Ndivyo Ekzosi alivyotukuta.

"Habari za kazi?" akasema, na vyombo vikaitikia.

"Nzuri," tukasema wote wawili.

Aliangalia meza. Si mjinga. Akachukua mmoja wangu na mmoja wa Wifi, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Mimi nilibaki kwenye beseni, kwa sababu kutoka kwenye beseni mbele ya mteja kunahitaji mpango. Niliona Jumamosi inaondoka, naona chama kizima kimesimama gerejini, naona Bi Mdogo na mrija wake.

"Haifanani," akasema.

"Ni kosa dogo," nikasema. "Hii ya nyeupe iliyotokeza itafumuliwa leo leo. Mfano uliochagua ni huu mwingine."

"Subiri, mama." Alitoka, akafunga mjeledi wa Wifi kwenye mpini wa pikipiki yake, akarudi nyuma hatua kadhaa akaukodolea macho. "Hii bora. Usiku ukimulikwa na taa, ile nyeupe inaonekana kote. Ile yako imefichwa, sijui ya nini. Yote iwe hivi." Akauacha pale pale mpinini. "Mtaweza mpaka Jumamosi? Kama hamuwezi niambieni sasa hivi, sitakasirika, nipite pale gereji."

Wifi alinitazama tu, na kwenye pembe ya mdomo wake kulikuwa na kitu ambacho ningependa kukielezea lakini mimi ni mtu mzima.

"Tutaweza," nikasema kutoka kwenye beseni.

Kwa hiyo nilifumua. Mijeledi yangu yote, kazi ya wiki nzima, nikakata ncha nilizozichoma, nikarudisha kamba zikawa sita sita zilizokunjamana kama tambi. Vishada vyangu vitakuwa vifupi kuliko vya Wifi, na hilo atanikumbusha maisha yangu yote. Yeye alifunga saluni, akaja na mkeka wake, akakaa upande wa pili wa msumari. Nilianza kusuka kimya, kwa makusudi. Fundo. Nikafumua, nikaanza tena kimya. Fundo.

"Mdomo, wifi," akasema bila kuinua macho. "Mkono wako hauna akili bila mdomo."

Nilisema basi. Fundi, Bi Mdogo, Mama Mkwe, Mwenye Nyumba, Mzee wa Kikao. Nikafika pale. Nikakohoa. "Wifi anapita juu ya kaka yake," nikasema.

"Sikusikia."

"Anapita juu ya kaka yake, anarudi kwao!"

"Bila kimya?"

"Bila kimya. Mshenzi mkubwa."

"Hilo la mshenzi lina mahali pake kwenye msuko?"

"Lina."

Tulisuka. Kila mzunguko ukifika pale yeye anaacha mikono yake isikilize. Nilisema mara ya kumi, mara ya ishirini, kwa hasira, kisha kwa kuchoka, kisha kwa sababu tu ndiyo inayofuata. Siwezi kusema niliamini. Nilikuwa nasema ili nisikose kazi, na mtu anaweza kusema mengi ili asikose kazi. Lakini jambo ukilitamka siku nzima linaanza kukuuliza maswali. Ijumaa mchana, katikati ya mjeledi, nikasimamisha mkono.

"Siku ile gerejini ulimwambia kaka yako nini hasa?"

Wifi aliendelea kukaza kamba. "Nilimwita fisi."

"Fisi tu?"

"Fisi aliyelishwa na mke wake miaka yote mpaka akapata meno. Mbele ya mteja. Akanirushia kopo la grisi."

"Likakupata?"

"Hana shabaha, unamjua. Lilimpata mteja. Mwanamume wa watu kavaa shati jeupe, anakwenda posa."

Niliishika kamba yangu nikashindwa kuiona. Nilianza kucheka, si kicheko kizuri, kile cha kutoka tumboni chenye sauti ya mlango mbovu. Wifi naye akaanza. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita alichungulia mlangoni akatuona wawili tumeinamia msumari mmoja, akaenda zake haraka.

"Akaenda posa na grisi?" nikauliza nilipoweza.

"Akaenda. Alisema muda umepita."

"Wakamkubali?"

"Sijui. Ningekuuliza wewe unayejua habari za wateja wote, lakini ulikuwa hutaki kuongea na mimi." Akanyoosha mkono, akanishika kidole kilichokuwa kimeanza kwenda upande usiofaa, akakirudisha. "Suka, wifi. Umefika kwa Mama Mkwe, na huyo ukimchelewesha anakasirika."